UZI: Kirusi kinabeba nini na kinaazima nini kikiingia ndani ya bakteria? Twende dakika kwa dakika

Darubini_Kongwe

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi kwenye uzi mmoja wa afya kuna mtu aliandika kwamba kirusi "kinaiteka seli", akapita zake. Nikamuuliza: kinaiteka kwa kushika nini kwanza? Hakurudi. Neno hilo tumelizoea hadi limekuwa pazia, kila mtu analitaja na hakuna anayechungulia nyuma yake. Mimi nimekaa maabara na hawa wadudu miaka kadhaa, na kinachonishangaza hadi leo ni uchache wa mizigo yao. Wanakuja karibu mikono mitupu.

Nitabaki kwa viumbe vya seli moja tu. Huko hakuna homa wala kikohozi cha kutupoteza njia.

Nianze na kitu ambacho unaweza kukiona bila darubini. Chukua chupa ya maji ya lishe ambamo E. coli, bakteria wa kawaida wa utumboni, wamezaana vya kutosha. Ukiiinua kwenye mwanga ni ukungu mtupu, kama maji yaliyotiwa chokaa. Ongeza faji, yaani kirusi cha bakteria, aina ya T7, rudisha chupa kwenye nyuzi joto 37, iache itikisike. Dakika kumi hakuna kitu. Kisha baada ya nusu saa hivi ukungu unakatika, maji yanakuwa angavu, na vinyuzi vya mabaki vinaelea. Mara ya kwanza nilidhani nimechukua chupa ya mtu mwingine.

(Faji ni kifupi cha bakteriofaji, yaani "mla bakteria". Jina alilitoa Félix d'Hérelle mwaka 1917, ingawa Frederick Twort alikuwa ameliona jambo lenyewe na kuliandika mwaka 1915. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu faji haili kitu.)

Sasa ndani ya zile dakika za kimya kulitokea nini? DNA ya T7, uzi unaobeba maelekezo yake, ina herufi (vijenzi vya kemikali) 39,937. Faji inagusa ukuta wa bakteria, inatoboa, inasukuma herufi kama 850 za mwanzo, kisha inasimama. Sehemu kubwa ya DNA bado iko nje, ndani ya kichwa cha faji.

Kinachoiingiza ndani ni bakteria mwenyewe. Ana kimeng'enya chake cha kunakili DNA kuwa RNA (nakala ambayo seli inaisoma kutengeneza protini), kinaitwa polimerasi ya RNA. Kile kipande kilichochomoza kina alama ya "anzia kusoma hapa" iliyoandikwa kwa lugha ya bakteria kabisa. Polimerasi inaikamata, inaanza kusoma, na kwa kuwa kusoma ni kuvuta uzi, kadiri inavyosoma ndivyo inavyoikokota DNA ya adui ndani. Mwenyeji ndiye anayembebea mgeni mzigo.

Naendelea, msiniwahi.

Chongo_Mwenye_Miwani

Mkuu hii ni ile hadithi ya ngamia na hema. Kaanza na pua.

Njiwa_Manga

Kwa nini isiingie yote mara moja tu? Kuacha mwili nje si hatari?

Darubini_Kongwe

Dada Njiwa, umegusa penyewe.

Bakteria wana vimeng'enya vya ulinzi vinavyokata DNA ngeni. Ugunduzi wake uliwapa Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith tuzo ya Nobel ya 1978. Vinatafuta mpangilio fulani wa herufi. DNA ya mwenyeji imewekewa alama pale, ya mgeni haijawekewa, basi inakatwa.

T7 inaingia kwa mwendo wa kobe. Kwenye nyuzi joto 30, kuingia kwote huchukua kama dakika 10. Jeni ya kwanza kabisa kusomwa, ikiwa sehemu kubwa ya DNA bado iko nje, inatengeneza protini ndogo inayoitwa Ocr. Umbo lake na chaji zake zinafanana na kipande cha DNA. Kimeng'enya cha ulinzi kinaing'ang'ania Ocr kikidhani kimekamata uzi, na kinabaki hapo hapo. DNA halisi inapita. Yaani ule uchelewaji unampa mgeni nafasi ya kumshughulikisha mlinzi kabla mwili haujavuka kizingiti.

Halafu inatengenezwa protini nyingine, polimerasi ya RNA ya T7 yenyewe. Hii ni kipande kimoja tu, wakati ya bakteria ni mkusanyiko wa vipande kadhaa, na inasoma kwa kasi mara kadhaa zaidi. Inasoma alama za T7 peke yake. Ikishapatikana inavuta DNA iliyobaki, na T7 inatoa protini mbili zaidi za kuizima polimerasi ya mwenyeji. Chombo kilichomvusha kinafungwa mara tu akipata chake.

Pembeni kidogo: hiyo polimerasi ya T7 ni rahisi kutumia hivi kwamba maabara duniani kote huitumia kutengeneza RNA. Chanjo za RNA za korona zilipitia mkononi mwake.

Lakini hata T7 yenye polimerasi yake ikifika kwenye kunakili DNA inakwama. Kimeng'enya chake cha kunakili DNA kikiwa peke yake kinaandika herufi chache kinaanguka. Ili kishike uzi kwa mamia ya herufi kinahitaji protini ndogo ya mwenyeji, thioredoksini. Kazi ya thioredoksini nyumbani kwake ni kurekebisha vifungo vya salfa kwenye protini nyingine. Haihusiani kabisa na kunakili DNA. T7 imeiokota kama mtu anavyookota jiwe la kuzuia mlango.

Kamusi_Hai

Somo zuri, ila mwandishi ananichanganya. Faji "inaingia", bakteria "anakamata". Mmoja umempa ngeli ya viumbe, mwingine umemnyima. Chagua.

Darubini_Kongwe

Mwalimu, nimefanya makusudi. Lugha yetu haikuruhusu kukwepa, ukifungua mdomo tu umeshaamua kama kitu ni hai. Faji ikiwa nje haipumui, haili, haizalishi ATP (sarafu ya nishati ya seli), haigawanyiki. Ni punje. Siwezi kuipa "a-". Ikishakuwa ndani, kinachofanya kazi ni seli iliyoambukizwa, na hiyo ni hai. Patrick Forterre wa Ufaransa amependekeza tuiite viroseli, kwamba kirusi kilicho hai ndiyo ile seli, na punje za nje ni kama mbegu zake. Mimi nakubaliana naye kwa nusu.

Kamusi_Hai

Nusu ipi?

Darubini_Kongwe

Ya ndani 😄

Mtoto_wa_Bahari

Mwamba, mimi nina swali la kishamba. Tunajuaje kwamba protini za faji zinatengenezwa na ribosomu za bakteria, zile mashine za seli za kuunda protini? Si inawezekana faji inakuja na zake au inajenga mpya?

Darubini_Kongwe

Si la kishamba hata kidogo. Miaka ya 50 lilikuwa swali zito, na jibu lake lilitupa kitu kikubwa kuliko kilichokuwa kinatafutwa.

Mwaka 1961 Sydney Brenner, François Jacob na Matthew Meselson waliwakuza bakteria kwenye lishe yenye naitrojeni na kaboni za aina nzito. Ribosomu zote zikawa nzito. Kisha wakawaambukiza faji na papo hapo wakawahamishia lishe nyepesi. Chochote kilichojengwa baada ya hapo kingekuwa chepesi. Wakazungusha kwenye mashine inayotenganisha vitu kwa uzito, wakakuta hakuna ribosomu mpya. RNA mpya, ile ya faji, ilikuwa imejishika kwenye ribosomu zile zile za zamani, nzito.

Maana yake ribosomu haichagui. Ni cherehani, inashona kitambaa chochote kitakachopitishwa chini ya sindano. Na ile RNA ya muda mfupi ndiyo tuliyokuja kuiita RNA mjumbe. Yaani RNA mjumbe, ambayo kila mwanafunzi wa biolojia anaisoma, ilithibitishwa kwa kuangalia faji ikitumia vifaa vya watu.

Chongo_Mwenye_Miwani

Tatizo langu ni neno "kuazima". Anayeazima hurudisha. Hapa mwenye nyumba anapasuka. Sema kupora.

Darubini_Kongwe

Kwa T7 nakubali, kupora. Lakini kuna faji zinazokaa na mwenyeji vizuri tu. Chukua CTXφ, faji ya bakteria wa kipindupindu. Hii ni uzi mwembamba, haimpasui mtu. Faji nyingi zinazojipachika kwenye kromosomu ya mwenyeji zina kimeng'enya chao cha kujipachikia. CTXφ haina. Inatumia XerC na XerD, vimeng'enya ambavyo bakteria anavitumia kutenganisha kromosomu zake zikinasana wakati wa kugawanyika. Hawezi kuviacha bila kuumia.

Ikitaka kutoka inapita kwenye tundu la mwenyeji la kutolea protini, lile lile linalotoa sumu ya kipindupindu. Na jeni ya sumu yenyewe iko kwenye DNA ya faji. Matthew Waldor na John Mekalanos ndio waliolionyesha hilo mwaka 1996. Kwa hiyo anayemharisha mgonjwa ni bakteria anayetumia jeni ya faji, na faji inatumia mlango wa bakteria. Hapo nani kamwazima nani, mimi sijui niseme vipi.

Njiwa_Manga

Nimesoma mara mbili hiyo aya. Lakini bado hujajibu: kwa nini faji isije na kila kitu chake? Ingekuwa huru.

Darubini_Kongwe

Kwa sababu ya chumba, dada. Kichwa cha faji kina ujazo wake, kila jeni unayobeba inakula nafasi na muda wa kunakiliwa. Angalia Qβ. Hii ni faji ya RNA, herufi 4,217 tu. Inahitaji kimeng'enya cha kunakili RNA kutoka kwa RNA, na bakteria hana kitu kama hicho. Hapo inabidi ije nacho. Imekuja na kipande kimoja. Vingine vitatu imevichukua kwa mwenyeji: EF-Tu na EF-Ts, ambavyo kazi yao ni kusaidia ribosomu kupokea asidi amino, pamoja na S1, ambayo ni protini ya ribosomu yenyewe. Vipande vitatu vya kiwanda cha protini, kimoja cha kwake, unapata mashine ambayo haikuwahi kuwepo ndani ya seli ile.

Tazama pia ilichokichagua. Bakteria angeweza kuiponyoka Qβ kwa kuacha EF-Tu? Angekufa kwanza yeye. Virusi vinapenda kushika vitu ambavyo mwenyeji hawezi kuvitupa.

Halafu kuna T4, ambayo ni tajiri, DNA yake ni herufi karibu 169,000. Hata hiyo haina polimerasi ya RNA ya kwake. Inachukua ya mwenyeji na kuibadilisha tabia hatua kwa hatua. Inaingia na protini inayoibandika alama ya kemikali, na malighafi ya hiyo alama inatoka kwa NAD, molekuli ndogo ambayo bakteria anaitumia kwenye shughuli zake za nishati. Baadaye inaletwa protini nyingine inayoishika sehemu ya polimerasi inayotambua alama za kuanzia, isome za T4. Mwisho inapewa sehemu mpya kabisa ya kutambua alama za jeni za mwisho mwisho, za kichwa na mkia. DNA ya mwenyeji wakati huo inakatwakatwa na herufi zake zinatumika upya. Kwa nini vikasi hivyo havikati DNA ya T4? Kwa sababu T4 imeandika herufi C kwa namna tofauti, imeiongezea kikundi cha kemikali na juu yake sukari.

Kwenye nyuzi joto 37: dakika ya tano hivi DNA mpya inaanza kunakiliwa, ya kumi na mbili faji kamili za kwanza zimo ndani, ya ishirini na tano hivi seli inapasuka na kutoa zaidi ya mia. Isipokuwa kama nje kuna T4 nyingine zinabisha hodi kwenye ukuta. Hapo iliyo ndani inaahirisha kupasua, inaendelea kutengeneza. Ukiwa na mantiki ya biashara utaielewa: kama wabishaji ni wengi, bakteria waliobaki huko nje ni wachache.

Mtoto_wa_Bahari

Hii ya T4 ni ya kutisha. Na baharini je? Jina langu linanituma niulize.

Darubini_Kongwe

Baharini ndiko kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote. Mililita moja ya maji ya bahari huwa na virusi mamilioni, na vingi ni vya bakteria.

Kuna bakteria wanaofanya usanisinuru, Synechococcus na Prochlorococcus. Faji zao huchukua saa nyingi kumaliza kazi, si dakika 25. Kuna tatizo hapo. Mashine ya kunasa mwanga ina protini inayoitwa D1, ambayo mwanga wenyewe unaiharibu kila mara, na seli lazima itengeneze mpya bila kupumzika. Faji inapozima jeni za mwenyeji, D1 mpya haziji, na ndani ya muda mfupi umeme wa karakana unakatika huku bidhaa ziko nusu.

Suluhisho lao ni kubeba jeni ya D1. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba faji ya Synechococcus inayo, na nyingine nyingi zikakutwa nayo. Fikiria kirusi chenye jeni ya usanisinuru! Kisichokuwa na jani wala utando wa kunasia mwanga! Ni kipuri tu, cha kuweka kwenye mashine ya mtu mwingine ili isizime kabla hajamaliza nayo.

Kuna na cha pili. Baadhi zinabeba jeni za kugeuza njia ya sukari. Nishati ya mwanga inaendelea kuingia, lakini mzunguko wa kutengeneza sukari kutoka hewa ya kaboni unapunguzwa, na sukari iliyopo inaelekezwa kutengeneza herufi za DNA. Bakteria anavuna jua kama kawaida, ghala lake haliongezeki.

Chongo_Mwenye_Miwani

Vipi yale madude makubwa ya kwenye amiba? Nilisikia yana kila kitu. Hapo nadharia yako ya mikono mitupu inakufa mkuu.

Darubini_Kongwe

Inajeruhiwa, haifi.

Mimivirus ilipatikana 1992 kwenye maji ya mnara wa kupoozea huko Bradford, Uingereza, ndani ya amiba. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba walidhani ni bakteria, wakakaa hivyo mpaka 2003 ilipotangazwa kuwa kirusi. Herufi karibu milioni 1.2. Amiba anaimeza mwenyewe akidhani ni chakula. Inakuja na polimerasi zake za RNA zimefungwa tayari ndani ya punje, na inajenga karakana yake nje ya kiini cha amiba.

Mwaka 2018 ikaja Tupanvirus kutoka Brazili. Hii ina vimeng'enya vyote 20 vya kupachika asidi amino kwenye RNA beba zake (RNA ndogo zinazopeleka asidi amino kwenye ribosomu), na RNA beba zenyewe zinafika 70. Karibu kila kitu cha kutengenezea protini. Nasema karibu kwa sababu haina ribosomu. Imebeba nyuzi, vifungo, mikasi na kitambaa, imeacha cherehani. Na nishati pia ni ya amiba.

Mwaka 2008 kilipatikana kirusi kidogo, Sputnik, ambacho kwa amiba peke yake hakifanyi kitu. Kinasubiri amiba aingiwe na jamaa wa Mimivirus, kisha kinatumia karakana ya lile jitu, na jitu linazaa vibaya, nyingine zinatoka vilema. Siku za mwizi ni arobaini.

Kamusi_Hai

Na hamira? Uliahidi viumbe vya seli moja kwa ujumla, umeng'ang'ania bakteria.

Darubini_Kongwe

Haraka haraka basi. Hamira ana kirusi kinaitwa L-A ambacho hakitoki nje ya seli kamwe, kinarithiwa seli zikigawanyika au zikioana. RNA mjumbe za hamira zina "kofia" kichwani ili ribosomu izikubali. L-A inanyofoa kofia kwenye RNA za mwenyeji na kuvika zake. Arkea (viumbe vya seli moja visivyo na kiini, tofauti na bakteria) wa Sulfolobus, wanaoishi kwenye chemchemi za moto zenye asidi, wana kirusi SIRV2 ambacho kikitaka kutoka kinaota piramidi zenye pande saba juu ya seli, zinafunguka kama ua. Protini moja tu inatosha kujenga piramidi hizo.

Na moja ya bakteria nimeisahau: kuna faji kubwa za Pseudomonas zinazojenga chumba cha protini ndani ya seli, mfano wa kiini, DNA yao inakaa humo. Iliripotiwa 2017. Vikasi vya CRISPR, ulinzi wa bakteria dhidi ya virusi, vile vinavyokata DNA haviingii. Lakini ribosomu za mwenyeji ziko nje ya chumba, kwa hiyo RNA lazima itoke, na ulinzi unaokata RNA unaisubiri mlangoni.

Njiwa_Manga

Swali langu la mwisho, kisha nawaachia. Kama T7 inahitaji thioredoksini, bakteria si aache kuitengeneza tu? Abadilishe kufuli.

Darubini_Kongwe

Anaweza, na wapo. E. coli asiye na thioredoksini hiyo anaishi maabara na T7 haizaani ndani yake. Hivyo ndivyo uhusiano huo ulivyogunduliwa: walichagua bakteria waliokataa kufa, wakatafuta wamepoteza nini. Njia hiyo hiyo ilitupa GroEL, protini inayosaidia protini nyingine kujikunja vizuri. Waliona bakteria ambao ndani yao vichwa vya faji lambda vinabaki madonge, wakafuatilia, wakaikuta. Binadamu naye ana jamaa yake kwenye mitokondria. (T4 inatumia GroEL hiyo hiyo ila inakuja na kifuniko chake, kwa sababu protini ya kichwa chake ni kubwa, haitoshi kwenye kifuniko cha mwenyeji.)

Lakini kufuli nayo ina gharama. Lambda inaingilia LamB, mlango wa bakteria wa kupitishia sukari ya maltosi. Jaribio lililochapishwa 2012 liliweka lambda na bakteria pamoja kwenye chupa 96. Bakteria wakapunguza LamB. Kwenye chupa 24 lambda ikapata mabadiliko kwenye protini ya ncha ya mkia, ikaanza kuingilia mlango mwingine kabisa, OmpF. Yalihitajika mabadiliko manne kwa pamoja.

Njiwa_Manga

Na ile ya OmpF ikawa haiwezi tena LamB?

Darubini_Kongwe

Hapana. Ilibaki na funguo zote mbili.